Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya: dawa zimepatikana, wagonjwa bado wanacheleweshwa

Kwenu mawaziri wa afya na makatibu wakuu wenu, wakuu wa Shirika la Afya Duniani, wakurugenzi wa hospitali, wafadhili wa utafiti, na wenye viwanda vya dawa.

Waheshimiwa,

Salamu kwenu. Mimi ni mtaalamu wa maabara ya patholojia. Wagonjwa hawanijui kwa sura, ila vinyama vyao hupitia mikononi mwangu: vipande vya ngozi vilivyokatwa, vikatumbukizwa kwenye kichupa cha fomalini na kubandikwa jina, umri na sehemu ya mwili vilikotolewa. Nawaandikia kuhusu saratani ya ngozi, na hoja yangu ni moja. Tangu mwaka 2011 tiba ya ugonjwa huu imebadilika kuliko ilivyobadilika katika miaka 150 iliyotangulia, lakini mabadiliko hayo yamewafikia wachache kwa sababu ya ucheleweshaji ulio chini ya mamlaka yenu. Ngozi inachelewa kutazamwa. Kinyama kinachelewa kusomwa. Dawa inachelewa kufika. Hakuna ugunduzi mpya utakaoziba pengo hilo kwa niaba yenu.

Naomba kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana wengi wenu mnasaini bajeti ya maabara bila kuwahi kuona kinachofanyika humo. Kinyama kikishalowa fomalini vya kutosha, tunakiondoa maji kwa spiriti, tunakijaza nta iliyoyeyushwa, kisha nta ikiganda tunakikata kwa mashine yenye wembe. Utando unaotoka una unene wa mikroni 4 hivi. Ukipumua vibaya unapeperuka. Tunauelekeza juu ya maji ya uvuguvugu ukunjuke, tunaudaka kwa kioo, tunaupaka rangi mbili, zambarau kwa viini vya seli na waridi kwa vilivyobaki. Hapo daktari wa patholojia anaweka jicho kwenye darubini. Akikuta melanoma, yaani saratani inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, anapima kutoka tabaka la juu la ngozi hai hadi kwenye seli ya saratani iliyozama chini kuliko zote. Jibu linaandikwa kwa milimita.

Kipimo hiki tumekirithi kutoka kwa Alexander Breslow, daktari wa patholojia wa Washington, aliyekichapisha mwaka 1970. Mwaka mmoja kabla yake Wallace Clark alikuwa ameonyesha namna ya kuzipanga melanoma kufuatana na tabaka za ngozi zilizopenywa. Breslow alitumia kipimio kidogo kilichofungwa ndani ya lenzi ya darubini, akapima unene, akakuta kwamba miongoni mwa wagonjwa wake, uvimbe uliokuwa chini ya milimita 0.76 haukurudi baada ya kukatwa. Zaidi ya miaka 50 imepita na namba hiyo bado ndiyo ya kwanza ambayo daktari wa upasuaji anaitafuta kwenye ripoti yetu. Melanoma isiyofika milimita 0.8 na isiyochubuka juu yake, ikikatwa, takriban wagonjwa 98 kati ya 100 hawatakuwa wameuawa na ugonjwa huo miaka 10 baadaye. Iliyovuka milimita 4 na kuchubuka, hata kama haijafika kwenye tezi za limfu, ile mitoki ya kwapani na kinenani, idadi hiyo inashuka hadi kama 75.

Najua ziko melanoma zinazokua kwa kasi tangu mwanzo. Lakini nyingi hutambaa juu ya ngozi kwa miezi, pengine miaka, kabla ya kuzama. Huo ndio muda tunaoupoteza, na mimi nauona umeandikwa. Fomu inayokuja na kichupa ina nafasi ya historia ya ugonjwa. Ninasoma humo kwamba doa lilianza kubadilika miaka miwili iliyopita; kwamba mgonjwa alipewa dawa ya fangasi, kisha akapewa dawa nyingine ya fangasi; kwamba ukucha uling'olewa na kutupwa bila kupimwa; kwamba kidonda cha unyayoni kilifungwa bandeji mwezi baada ya mwezi na hakuna aliyekata kinyama. Halafu napokea kipande ambacho milimita zake zinahesabika hata kwa rula ya shule.

Nasema haya nikijua kazi kubwa iliyofanyika, na ningependa muijue pia, maana ndiyo inayofanya ucheleweshaji wa leo uwe mzito zaidi kuliko wa zamani. Mwaka 1840 daktari Mwingereza wa upasuaji, Samuel Cooper, aliandika kwamba melanoma ikishaenea haina tiba, na tumaini pekee ni kuikata mapema. Kwa melanoma iliyoenea, hali ilibaki hivyo hadi enzi za wengi wetu. Dakabazini iliidhinishwa Marekani mwaka 1975. Ilipunguza uvimbe kwa wachache, na haikuwahi kuthibitishwa kwamba inaongeza maisha. Interleukini-2 ilikuja mwaka 1998 ikiwa na sumu kali, ikawapa wachache sana nafuu ya kudumu. Mgonjwa wa kawaida aliyeambiwa melanoma imefika kwenye mapafu au ini alikuwa na muda usiofika mwaka mmoja.

Mwaka 2002 watafiti wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, waligundua kwamba kinasaba kiitwacho BRAF kimeharibika katika sehemu kubwa ya melanoma. Leo tunajua ni karibu nusu. Kinasaba hicho kikiharibika huiamuru seli igawanyike bila kukoma. Miaka 9 baadaye, mwaka 2011, dawa ya vidonge inayokizima, vemurafenibu, iliidhinishwa. Uvimbe ulianza kusinyaa ndani ya wiki chache. Kwa wengi ulirudi baada ya miezi, ndipo wakaongeza dawa ya pili ya kuziba hatua inayofuata kwenye njia hiyohiyo ya amri, na nafuu ikarefuka.

Mkondo wa pili ulitokea kwenye kinga ya mwili. James Allison huko Marekani na Tasuku Honjo huko Japani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba askari wa mwili wetu, seli T, wana breki, na kwamba saratani hukanyaga breki hizo ili isishambuliwe. Ukizuia breki, seli zinarudi kazini. Honjo na wenzake waliigundua PD-1, moja ya breki hizo, mwaka 1992. Allison alionyesha mwaka 1996 kwamba kuzuia breki nyingine, CTLA-4, kunaangamiza uvimbe kwenye panya. Ipilimumabu ikaidhinishwa mwaka 2011, pembrolizumabu na nivolumabu mwaka 2014, na wanasayansi hao wawili wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Matokeo ya miaka 10 ya jaribio kubwa la kuunganisha ipilimumabu na nivolumabu yalichapishwa mwaka 2024: asilimia 43 ya waliopewa dawa hizo mbili kwa pamoja walikuwa bado hai. Watu waliokuwa na melanoma iliyoenea! Nilipoisoma ripoti ile nilikumbuka majina mengi niliyoyaandika kwenye vioo, ambayo enzi zao hazikuwa na jibu lolote la kuwapa.

Saratani nyingine za ngozi nazo zimepata chao. Zile zinazoanzia kwenye seli za chini za tabaka la juu, ambazo ndizo nyingi kuliko zote na hazipendi kusambaa, zilipata kidonge chao, vismodegibu, mwaka 2012 kwa wale ambao upasuaji hauwafai tena. Zile za seli bapa, ambazo hupenda vidonda vya muda mrefu na ngozi iliyounguzwa na jua, zilipata semiplimabu mwaka 2018. Na mwaka 2024 Marekani iliidhinisha tiba ya kuzitoa seli za kinga kutoka ndani ya uvimbe wa melanoma, kuzizidisha maabara na kumrudishia mgonjwa. Steven Rosenberg alikuwa ameionyesha njia hiyo tangu mwaka 1988.

Hebu tazameni jaribio moja dogo ambalo kwangu linasema mengi kuliko yote. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 313 wa melanoma iliyovuka mahali ilipoanzia, kwa wengi ikiwa kwenye tezi, lakini bado inakatika. Wote walipangiwa dozi 18 za pembrolizumabu na upasuaji. Kundi moja lilipasuliwa kwanza, dawa ikafuata. Kundi la pili lilipewa dozi 3 kabla ya upasuaji, zilizobaki baadaye. Dawa ileile, idadi ileile. Baada ya miaka 2, asilimia 72 ya kundi la pili walikuwa hawajapata tatizo la ugonjwa kurudi au kuendelea, dhidi ya asilimia 49 ya kundi la kwanza. Kilichobadilika ni siku ya kuanza.

Kama kuiwahisha dawa kwa wiki chache kunaleta tofauti hiyo, mgonjwa anayesubiri majibu ya kinyama kwa miezi ana matumaini gani?

Waheshimiwa wa wizara, ombi langu la kwanza ni kwenu, nalo ni la maabara. Kila mazungumzo ya saratani yanakimbilia dawa mpya na mashine za mionzi. Vyote vinahitajika. Lakini hakuna tiba ya saratani inayoanza bila mtu kusema, kwa maandishi, kwamba hii ni saratani, ni ya aina hii, ina kina hiki, na kingo za kipande kilichokatwa ni safi au si safi. Madaktari wa patholojia ni wachache, mafundi ni wachache zaidi, fomalini huisha, nta huisha, wembe wa mashine hutumika hadi unachana utando. Vichupa vinasafirishwa mbali na kukaa njiani. Majibu yakitoka, hakuna aliyepewa jukumu la kumtafuta mgonjwa, na mgonjwa naye ameshakata tamaa ya kurudi kuuliza. Haya hayahitaji Tuzo ya Nobel. Yanahitaji mtu mwenye kalamu ya kuidhinisha matumizi, na mtu mwingine wa kuulizwa kila mwezi ni vinyama vingapi vimekaa bila kusomwa.

Ombi la pili linahusu macho ya wahudumu. Mafunzo ya saratani ya ngozi, hata kwa wahudumu wanaohudumia watu weusi tupu, yamejengwa juu ya picha za ngozi nyeupe: doa lisilo na ulinganifu, kingo zisizo sawa, rangi mchanganyiko, kipenyo kilichozidi milimita 6. Kanuni hiyo ilitungwa na madaktari wa New York mwaka 1985 na imeokoa watu wengi. Ila kwa mwenye ngozi nyeusi melanoma hujificha kwingine: kwenye nyayo, viganja, chini ya ukucha. Huko jua si chanzo kikuu. Bob Marley alifariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Dunia nzima inaufahamu muziki wake, na bado mhudumu anaweza kumaliza chuo bila kuambiwa kwamba mchirizi mweusi kwenye ukucha mmoja, unaopanuka na kuingia kwenye ngozi iliyo pembeni, lazima ukatwe kinyama.

Na kuna kidonda ndugu. Kovu la moto lililochubuka upya, donda la mguu lisilofunga miaka na miaka: humo huota saratani ya seli bapa. Jambo hili halijafichika, daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika kuhusu vidonda vya namna hiyo mwaka 1828 na hadi leo vinabeba jina lake. Dalili zake ni za kushikika kwa mkono: ukingo unakuwa mgumu na kuinuka, nyama inachipuka kupita kiasi, harufu inabadilika, damu inatoka kwa kuguswa tu. Muuguzi anayefungua bandeji ndiye wa kwanza kuona. Mfundisheni, kisha mpeni ruhusa ya kumpeleka mgonjwa moja kwa moja akakatwe kinyama, bila kupita kwenye milango mitano ya rufaa.

Ioneni pia hatari inayokuja na kompyuta. Tangu mwaka 2017, watafiti wa Stanford walipofundisha programu kutambua saratani ya ngozi kwa kutumia picha karibu 130,000, tumeahidiwa kwamba simu itamwona mgonjwa mahali ambapo daktari hayupo. Naitamani ahadi hiyo kwa moyo wote. Lakini mapitio yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet Digital Health mwaka 2022 yalizikagua hazina 21 za picha zilizo wazi kwa watafiti, zenye picha 106,950. Ni 2,436 tu zilizokuwa na maelezo ya aina ya ngozi, na kati ya hizo picha 10 zilikuwa za ngozi ya kahawia na 1 ya ngozi nyeusi. Moja. Wafadhili wa utafiti, msitoe hela kwa programu yoyote kama hiyo kabla ya kuuliza imefundishwa kwa ngozi za akina nani. Na mzilipe hospitali zenye wagonjwa wa ngozi nyeusi zikusanye picha hizo kwa idhini yao, zikiwa zimethibitishwa kwa darubini. Kliniki na vichupa viko, wapiga picha hawapo.

Upungufu huohuo uko kwenye majaribio ya dawa. Melanoma ya nyayo na kucha ina vinasaba tofauti, mara chache hubeba kasoro ya BRAF, na dawa za kinga haziifanyii kazi kama zinavyoifanyia ile ya jua. Waliojitolea kwenye majaribio makubwa ni weupe kwa sehemu kubwa. Tunapoambiwa asilimia 43, tuambiwe pia ni ya akina nani.

Sasa niseme kuhusu dawa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza nivolumabu na pembrolizumabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya melanoma iliyoenea. Nilishangilia. Tangu siku hiyo hakuna waziri anayeweza kusema dawa hizi ni anasa. Lakini orodha haijazi kabati la famasia, na kwa wagonjwa wengi duniani dawa hizo ni habari tu. Enyi wenye viwanda, mmekwisha kurudisha gharama zenu mara nyingi na pembrolizumabu imekuwa miongoni mwa dawa zinazouzwa sana kuliko zote ulimwenguni. Hataza zenu kuu, yaani haki za kuitengeneza dawa peke yenu, zinaanza kumalizika mwaka 2028 hivi. Msizirefushe kwa kubadilisha njia ya kuchoma sindano na kuiita dawa mpya. Nanyi mawaziri, msingoje mwaka huo ufike ndipo muunde kamati. Dawa za kibayolojia zinazofanana na hizi zinahitaji taratibu za usajili, wakaguzi waliofunzwa, na mikataba ya kununua kwa pamoja kati ya nchi. Kazi hiyo huchukua miaka. Ianze sasa.

Kuna njia nyingine ambayo viwanda haviwezi kuigharimia, maana haiwaletei faida: kuuliza ni dozi ndogo kiasi gani inatosha. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai iliwapa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo nivolumabu miligramu 20 kila wiki 3, wakati dozi ya kawaida ni miligramu 240 kila wiki 2, pamoja na vidonge vya kawaida. Walioongezewa dozi hiyo ndogo walioishi kupita mwaka mmoja walikuwa asilimia 43, dhidi ya 16 kwa wasioongezewa. Jaribio kama hilo kwa saratani za ngozi, likifanywa kwa umakini, lingeweza kubadilisha hesabu ya kila wizara. Fedha za umma ziende huko.

Historia ya upasuaji inatuonya kuhusu gharama ya kutouliza swali hilo. Mwaka 1907 William Sampson Handley wa London alipendekeza melanoma ikatwe pamoja na eneo pana la nyama kuizunguka, akitegemea uchunguzi wa maiti ya mwanamke mmoja. Ikawa desturi kukata hadi sentimita 5 kila upande, na wagonjwa wakabaki na mashimo ya kuzibwa kwa ngozi ya paja. Jaribio la kweli, chini ya mpango wa melanoma wa Shirika la Afya Duniani likiongozwa na Umberto Veronesi, lilichapishwa mwaka 1988: kwa melanoma nyembamba, sentimita 1 inatosha. Miaka 81. Tezi za limfu nazo zilisubiri. Donald Morton alionyesha mwaka 1992 jinsi ya kuitafuta tezi ya kwanza inayopokea maji ya uvimbe na kupima hiyo peke yake, na ni mwaka 2017 tu jaribio kubwa lilipothibitisha kwamba kuzitoa tezi zote zilizobaki, na kumwachia mgonjwa mguu au mkono uliovimba maisha yake yote, hakumwongezei siku za kuishi.

Lakini kukawia kwa watawala kumekuwa kubaya kuliko kwa madaktari. Mwaka 1775 Percivall Pott wa London alieleza kwamba vijana waliotumwa tangu utotoni kupanda ndani ya dohani kusafisha masizi walikuwa wakipata saratani ya ngozi ya korodani. Ilikuwa mara ya kwanza saratani kuhusishwa waziwazi na kazi ya mtu. Bunge likapitisha sheria mwaka 1788 ya kuzuia watoto chini ya miaka 8, bila mtu wa kuisimamia. Zikafuata nyingine, zikapuuzwa. Sheria yenye meno, iliyowapa polisi kazi ya kuisimamia, ilipatikana mwaka 1875. Karne nzima ilipita huku chanzo kikijulikana na watoto wakiendelea kupandishwa.

Leo pia chanzo kinajulikana. Mashine za kujianika kwa mionzi ya urujuanimno ziliwekwa mwaka 2009, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, kwenye kundi moja na tumbaku. Brazil ilizipiga marufuku mwaka huohuo, Australia ikafuata, wengine bado wanazitoza kodi na kuziacha. Kuhusu mafuta ya kukinga jua, ushahidi upo tangu jaribio la Nambour, Queensland, ambako watu 1,621 waligawanywa mwaka 1992, wengine wakapewa mafuta ya kupaka kila siku na wengine wakaachwa wajipakie wanavyotaka. Hadi mwaka 1996 saratani za seli bapa zilikuwa zimepungua kwa karibu asilimia 40 katika kundi la kwanza, na walipofuatiliwa hadi miaka 10 baada ya hapo, melanoma zilikuwa 11 kwa kundi hilo na 22 kwa lile lingine.

Mnajua ni nani anayeyahitaji mafuta haya kuliko wote. Mtu mwenye ualbino hana rangi ya kumkinga, na katika nchi zenye jua kali saratani ya ngozi ni moja ya sababu kuu za vifo vya mapema vya watu hawa. Vinyama vyao navijua: vya sikio, vya mdomo wa chini, vya shingo kwa nyuma, vya migongo ya mikono. Wengine umri wao kwenye fomu ni wa kuwa shuleni. Na bado yako mahali mafuta yao yanatozwa ushuru kama vipodozi, kofia pana haiko kwenye bajeti ya mtu yeyote, na mtoto anakalishwa kwenye gwaride juani kwa sababu kanuni za shule hazikumfikiria. Yaingizeni mafuta hayo kwenye ununuzi wa dawa za serikali, yatolewe kliniki kama vinavyotolewa vidonge vya presha, na kila mwenye ualbino atazamwe ngozi yote kwa ratiba, ili vidoa vya mwanzo vigandishwe au vikatwe vikiwa bado vya dakika chache za kazi.

Kwa mwaka 2022 inakadiriwa watu wapatao 330,000 waligunduliwa kuwa na melanoma duniani na karibu 60,000 walikufa nayo. Hao ni waliohesabiwa. Aliyekufa na donda la mguu ambalo halikukatwa kinyama hayumo.

Kwa hiyo nawaomba jambo ambalo linaweza kuanza mwezi ujao. Kila nchi ichapishe kila mwaka namba mbili: kina cha wastani cha melanoma kwa milimita siku ilipogunduliwa, na siku zinazopita kati ya kukatwa kinyama na mgonjwa kukabidhiwa majibu. Zichapishwe kwa kila mkoa, zikitenganisha saratani za nyayo na kucha, na kwa saratani za seli bapa uandikwe upana wa uvimbe. Atakayeulizwa kuhusu namba hizo awe waziri mwenyewe, bungeni. Taarifa zote ziko tayari kwenye madaftari ya maabara, tarehe ya kupokea upande mmoja na tarehe ya kutoa upande wa pili. Toeni agizo zikusanywe, na sisi tutazijumlisha.

Wenu katika kazi,

Mtaalamu wa maabara ya patholojia